Kanda Waliyosema Iko Melini

Malindi, kibandani kwako, Jumamosi baada ya adhuhuri

Kazungu ndugu yangu,

Nimekalia kigoda chako, kile chenye mguu mmoja mfupi, na nimekikalia vibaya makusudi ili ukasirike uje uniondoe. Hujaja. Basi nakuandikia.

Hati yangu usiicheke. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, mpaka leo hatujapatana ni nani aliyemwacha mwenzake. Lakini nimefika Bombay, nimefika Naples, nimekula meza moja na watu wasiojua kula kwa mkono, kwa hiyo barua moja hainitishi. Ukiona neno limekaa upande, likaze huko huko kwa bisibisi.

Kwanza habari za hapa. Redio ya Mwalimu imepona. Akina mama wa Kisumu Ndogo bado wanaleta pasi zilizoungua, na bado wanasema hazikuangushwa. Wateja wa mbali wasiopata habari hufika mlangoni wakauliza, "Kazungu yuko wapi?" Nawaambia umekwenda kwenu Jilore. Sisemi uongo. Kisha najifanya natafuta koleo chini ya meza mpaka macho yakauke.

Pili, na hili ndilo lililonitia kalamu mkononi: nimekulipizia kisasi kwa Mkufu. Bado sijamaliza, lakini nimeanza vizuri, na nataka uyasikie kutoka kwangu kabla hujaletewa na mwingine, maana watu wa Malindi hata wakifa hawaachi kuongeza chumvi.

Unaikumbuka siku aliyoingia hapa na wale wageni watatu? Huyo huyo Mkufu mwenye duka la kukodisha video, tuliyempa jina kwa ule mnyororo wa dhahabu anaolala nao. Wageni walikuwa wanatengeneza filamu ya maisha ya pwani, ya kuuziwa watalii mahotelini, na waya wao wa sauti ulikuwa umekatika. Ukawaunganishia. Mwenye kamera akaipenda mikono yako, akakupiga picha ukifungua redio ya yule mzee wa Mambrui. Mimi nilisimama nyuma yako na miwani ya jua, nimechana nywele, kila kamera inapogeuka nami nageuka nayo. Wewe hukuwa na habari. Halafu ile redio iliyokuwa maiti ikafufuka ghafla, taarabu kwa sauti ya juu kabisa, ukaruka nusu ya kigoda, ukacheka, ukaziba mdomo kwa kiganja kwa ajili ya lile pengo lako.

Mkufu aliweka mkono kifuani akasema mbele yangu, "Kila aliyepigwa picha atapata kanda yake. Hilo ni neno langu."

Nilikuambia udai na saa, na kofia, na safari ya Ulaya. Ukasema, "Baharia, punguza kelele. Mimi nataka mamangu anione nikiwa kazini. Anadhani huku Malindi nimekuja kulala." Hukutaka kitu kingine.

Kila wiki ulikwenda kumuuliza. Kila wiki jibu lilikuwa moja: "Iko melini." Mimi ninayejua meli nilikuambia, hiyo basi ni meli ya makasia, na wapiga makasia wenyewe wamefunga saumu. Tulicheka. Laiti tusingecheka, tungeliona.

Kisha homa yako. Siku ya tatu pale hospitalini, midomo imekukauka kama gamba la mti, ukanishika shati. "Baharia, hebu kaulize kama kanda imefika." Nikaenda mbio juani, mimi na tumbo langu hili. Mkufu hakuinua hata macho. "Iko melini." Nikarudi nikakuambia. Ukasema, "Haya. Si itafika."

Kesho yake tulikuwa tunakupeleka kwenu nyuma ya pikapu. Nilikushika miguu njia nzima isigonge bati, maana barabara ya Jilore unaijua. Hilo sikupata kumwambia mtu.

Kazungu, kanda haikuwa melini.

Niliyajua pale pale msibani. Binamu yangu, yule mhudumu wa hotelini, alikuja kunipa pole. Alikuwa anamenya muhogo huku anaitazama picha yako, ile ndogo ya kitambulisho waliyoiweka juu ya meza, akasema kama mtu anayeulizia njia, "Huyu marehemu mbona namjua? Yumo kwenye zile kanda tunazowauzia wageni. Mimi ndiye ninayezipangusa vumbi. Miezi miwili sasa."

Miezi miwili. Siku ile uliyonituma, zilikuwa zimepangwa dukani kwa Mkufu, nyuma ya kichwa chake, zimegeuzwa uso ukutani. Hakuinua macho kwa sababu yangemponyoka kuelekea rafu, nami ningeyafuata.

Nilikwenda nyuma ya ghala ya mahindi ya mamako. Nilivyolia sivyo wanavyolia mabaharia.

Asubuhi yake mamako akaniita. Jilore wote wanamwita Mekazungu, mama Kazungu, yaani umemwachia hata jina lake, kila akiitwa unaitwa wewe. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akaniketisha, akasema polepole, "Mwanangu, nasikia kuna mahali Kazungu anacheka."

Alichobaki nacho ni ile picha ya kitambulisho, ambamo umekodoa macho kama mshitakiwa wa wizi wa ng'ombe. Na mdomo wangu unaujua. Nilisimama mbele ya wazee wote wa ukoo wenu nikasema, "Mama, siku ya matanga ya kumaliza, nitakuletea anacheka." Wazee wakaniitikia. Nikarudi Malindi bila kujua nimesema nini.

Nilikwenda kwa Mkufu kwa adabu. Nilivaa kanzu. Nikamwambia nimefuata kanda ya Kazungu, ile aliyoiahidi.

Akasema, "Kazungu si amekufa? Sasa nimpe nani?"

Nikasema, "Mpe mamake."

Akasema, na duka limejaa watu, "Mamake atachomeka wapi waya, kwenye muhogo?"

Wakacheka. Mmoja mmoja nawajua waliocheka, na kila mmoja ana kitu chake hapa kibandani kinangoja kutengenezwa. Kitangoja sana.

Za kuuza, alisema, ni za watalii kwa bei ya watalii. Mimi anaweza kunikodishia moja, kwa siku moja. Akanipa huku anatabasamu, akaongeza, "Na usijisumbue kuinakili, Baharia. Hii si kama hizo zenu. Hii imefungwa kiwandani."

Nilidhani anajisifu. Nani afunge picha, picha ina mlango? Nikaja hapa, nikaichukua ile video mpya ya Mwalimu aliyotuachia tuibadilishie mpira, nikaiunganisha na ya kwetu, moja icheze, nyingine inakili. Mwanzo mzuri: bahari, ngalawa, mama anakuna nazi. Nilipoitazama kopi, Kazungu, Mungu atusitiri. Picha inang'aa mpaka nyeupe, kisha inazama gizani, kisha inang'aa tena, kama mtoto mtundu anachezea dirisha. Na rangi zinakimbia. Ukafika wewe. Ukainama juu ya redio, ukaruka, na pale pale mkono unapopanda mdomoni, giza. Mwanga uliporudi, ulikuwa umeshamaliza kucheka.

Nikasema mashine ni chafu. Nikaifungua nikasafisha vichwa kwa spiriti. Nikabadilisha waya. Nikanakili tena: giza lile lile, pale pale. Nikaifungua ya Mwalimu, ambayo haikuwa na kosa lolote, na nikaiharibu kidogo, usiniulize. Mara ya nne ndipo nilipoelewa. Kanda yenyewe ukiitazama tu haina kasoro. Ukiinakili, inaumwa. Ugonjwa umetiwa ndani makusudi.

Sasa niambie wewe uliyetulia. Nikinunua doti ya leso, naikata, moja nampa mama, moja nampa dada. Mwenye duka haji nyumbani kwangu kunishika mkasi. Nikinunua redio, hanichagulii nani asikilize. Hii kanda ina nini? Imejazwa nyuso zetu, mama zetu, redio ya mzee wa Mambrui, kicheko chako, halafu anakuja mtu na kufuli lake anasema, tazama, lipa, na usichukue. Sijitii umalaika. Ninayenakili sinema ya watu nikaionyesha Kisumu Ndogo kwa kiingilio ni mimi huyu huyu, na mwenye sinema akinikamata anizabe kofi, ni haki yake. Lakini nyumbani, kwa mama mmoja, uso wa mwanawe mwenyewe? Hilo ni fungu la nani? Niliuliza kwa sauti, hapa peke yangu, mpaka paka wako akatoka nje.

Nikapiga teke chini ya meza kwa hasira. Nikaumia kidole. Nilikuwa nimepiga Jeneza.

Unaona mambo. Miaka yote nakuambia ulitupe. Livideo la zamani la kwanza kwanza, lililotupwa na hoteli, zito la kubebwa na watu wawili. Mimi ndiye niliyelipa jina hilo, Jeneza, na sasa jina linanichoma ulimi. Ile sehemu yake ya ndani inayojirekebishia mwanga yenyewe iliungua, nawe hukupata nyingine, ukaikata kabisa, ukalehemu kibonye cha sauti cha redio, kile cha kuzungusha, mahali pake, ili mwanga mtu aupime kwa mkono wake mwenyewe. Nilikucheka mbele ya wateja. Nilisema, "Tazameni, Kazungu amemwoza punda kwa gari." Siku mbili kabla ya homa nilikuambia niliuze kwa vyuma chakavu. Ukanijibu bila kugeuka, "Mashine mpya zinajifanya zinajua. Hili linangoja uliambie."

Nilikaa chini sakafuni na kidole changu.

Maana ndiyo siri yote ile, ndugu yangu. Ndani ya kanda wametia mwanga wa uongo, mahali jicho haliuoni. Mashine mpya inauona, inashituka, inadhani picha imezidi kung'aa, inaipunguza. Ikiisha kupunguza inaona giza, inaipandisha. Inadanganywa kwa sababu inajifanya inajua. Na Jeneza halina la kujifanya. Uliukata uongo kwa koleo miaka mitatu kabla hawajaubuni, na hukujua, nami nilikuwa nacheka.

Nikalifuta vumbi kwa shati langu mwenyewe, lile la hariri la Bombay. Nikaunganisha. Nikashika kibonye chako kwa vidole viwili, nikakigeuza taratibu mpaka picha ikakaa. Haikutikisika. Bahari, ngalawa, mama wa nazi. Ukaja wewe. Ukainama, ukaruka, mkono ukapanda, na pengo likaonekana kabla hujaliziba. Nikakuambia kwa sauti, "Nisamehe bwana." Sijui kama kanda ilipokea.

Sasa kisasi. Kanda ya Mkufu niliirudisha saa ile ile aliyoitaka, nikamshukuru, hata nikamsifu mkufu. Kisha nikainakili kopi yetu, na kuinakili tena, kila mara mkono wangu juu ya kibonye chako. Aliahidi kila aliyepigwa picha, si ndiyo? Basi nikamtimizia. Mama wa nazi nilimpelekea. Mzee wa Mambrui nilimpelekea, na asiye na video nilimtafutia jirani mwenye nayo. Sikutoza mtu. Kwenye kila kanda niliandika: Hii ni ile iliyokuwa melini.

Siku ya nne Mkufu akaingia hapa, jasho linamtoka mpaka kwenye dhahabu. Watu wanamuuliza njiani kwa nini walipe kukodi kitu walichopewa bure kwa jirani. Akasimama hapo mlangoni. "Baharia, umevunja sheria. Imeandikwa kwenye kasha, haki zote zimehifadhiwa. Nakwenda kituoni."

Nikavaa viatu. Nikamwambia, "Twende wote, bwana. Mimi nachukua kanda yangu moja, nawe chukua rafu zako."

"Rafu zangu zina nini?"

"Zina hati ya Kazungu."

Maana duka zima la Mkufu, sinema za Bombay, za ngumi, za mapenzi, hakuna hata moja iliyonunuliwa. Ni kopi, na nyingi ulimnakilia wewe, kwenye Jeneza hilo hilo, na majina uliyaandika wewe kwa ile hati yako ya kulalia kushoto. Hatukufanya vizuri, najua. Lakini mtu aliyetajirika kwa kunakili vya watu, leo anamfungia kufuli mama mmoja wa Jilore? Nikamwambia, "Afisa akiuliza nani ameandika, nitamwambia ni marehemu. Akiuliza rafu ni za nani, utajibu wewe. Au utamwambia ziko melini?"

Akakaa kwenye ndoo. Akauliza nataka nini. Nilikuwa nimekwisha kupanga mengi, Kazungu. Nilipanga kumvua ule mkufu. Nilipanga achomwe na jua sokoni. Lakini mdomo wangu, kwa mara moja katika maisha yake, ukasema kitu kifupi. "Uliahidi kanda. Ipeleke mwenyewe, kwa mikono yako, siku ya matanga."

Akaja. Nilimpandisha nyuma ya pikapu ile ile, mahali pale pale palipokuwa pako, akagongwa na kila shimo, na mimi miguu yake sikuishika.

Kanisa la kwenu lilituazima jenereta; televisheni na video nilizipakia kutoka kibandani. Tulitundika leso madirishani mwa nyumba ya mamako tukapata giza la mchana, watu wakajaa mpaka ukumbini. Mamako alikaa mkekani mbele kabisa. Nikamkaribisha Mkufu kando yake, wala hakuwa na pa kukimbilia. Nikaweka kopi yetu, ya Jeneza.

Ulipotokea hakulia. Alisogea, akatazama, akasema, "Hilo shati nililishona mimi. Mbona hakulipiga pasi?" Watu wakacheka huku wanafuta macho. Kisha redio ikalia, ukaruka, ukacheka.

"Rudisha," akasema.

Nilitaka kuinuka. Akanishika goti, akamwelekezea Mkufu kidole. "Huyu atarudisha."

Akarudisha. Ukacheka. "Rudisha." Akarudisha. Sikuhesabu, lakini jenereta ilitiwa mafuta mara moja tena. Kila alipoinuka na kuinama kubonyeza, ule mkufu ulining'inia mbele ya uso wako, naye akaushika kwa mkono mmoja usikuzibe. Mwishowe akauvua akautia mfukoni. Hakuna aliyemwambia.

Ilipozimwa, mamako akamgeukia. Nilikuwa nimemwambia kila neno la dukani. Akasema, sauti yake ya kawaida, "Ulisema, nimpe nani. Nipe mimi." Akakinga mikono yote miwili. Mkufu akaitoa ile kanda mpya, pamoja na kasha lake lenye picha ya mnazi, akaiweka mikononi mwake, akiwa amepiga magoti. Akataka kusema neno. Mamako akamwambia, "Nenda ukale." Akala. Sijapata kuona mtu anakula ugali kwa shida vile.

Usidhani nimeridhika. Mamako amemlisha, hilo ni shauri lake, yeye ana moyo. Mimi kila asubuhi napita dukani kwake, nasimama mlangoni wakati wateja wako ndani, naita kwa sauti ya bandarini, "Mkufu, salama? Meli imetia nanga?" Sasa mji mzima unasema hivyo. Mtu akicheleweshewa samli sokoni, anaambiwa iko melini, na watu wanageuka kumtazama Mkufu. Nitaendelea mpaka azeeke. Nikichoka nitaajiri mwingine.

Kuna jambo moja tu linanikera, nalo ndilo ninalofungia barua. Ile ya kiwandani mamako ameifunga katika leso, ameiweka sandukuni, haichezwi. Wanacheza kopi, kwa jirani yake mwenye televisheni ya betri, kila Jumapili. Wiki iliyopita nilikwenda nikaitazama nao. Kanda yote ni safi kama jana, bahari, ngalawa, nazi. Lakini pale unapocheka pameanza theluji, zile chenga nyeupe za kanda iliyochoka, na mstari mweupe unapita kwenye paji lako. Ndipo anaporudisha, anarudisha, anarudisha. Kicheko chako kinaliwa na kutazamwa.

Ndiyo maana wanaweka kufuli, ili kanda ikichakaa uishie hapo, au urudi kwa Mkufu. Basi sikia ahadi yangu, na hii si ya mdomo wangu ule wa kila siku. Jeneza haliuzwi. Kibonye chako hakibanduliwi, hata akija mtu na kipya cha Japani. Kila pale unapocheka patakapoingia theluji, nitaitoa ile kanda ya sandukuni, nitakugeuza taratibu kwa vidole viwili mpaka ukae, nami nitampelekea mamako kicheko kipya.

Haya, lala. Kigoda chako nakikalia vizuri sasa.

Ni mimi nduguyo,
Baharia